Ufunguo Wenye Uzi Mwekundu

Mimi sina subira, na sitajifanya ninayo. Nimekaa mapokezi ya zahanati miaka kumi na tisa, nawaambia watu wakae, wasubiri, wasinipigie kelele, na nikirudi nyumbani naendelea vilevile. Kwa hiyo nikianza kumsema mdogo wangu, mnivumilie, maana habari hii huko mbele hainipambi hata mimi.

Mdogo wangu wa kike ni mpiga pasi kwenye duka la dobi. Mpe shati lililokunjamana mpaka halitazamiki, akikurudishia utaona haya kulivaa. Wenzake wanamwita Mvuke. Mezani kwake alikuwa na ile chupa ya plastiki ya kunyunyizia nguo maji, na kwa zaidi ya mwaka mzima ndani yake hamkuwa na maji. Ilikuwa pombe kali, nyeupe, ya bei ya kutupa. Anapiga shati moja, anainama kama anatafuta kifungo kilichoanguka, anajipulizia mdomoni, anainuka anapiga la pili. Mikono myepesi, hakuna aliyemshtukia. Mpaka siku moja akajisahau, akainyunyiza kwenye koti la mteja aliyekuwa anasubiri palepale kaunta, akalikandamiza na pasi ya moto. Duka zima likanuka baa. Mteja alicheka, mwenye duka hakucheka.

Hakumfukuza. Alisema fundi kama yule hapatikani kirahisi, akamhamishia meza ya mbele, karibu na macho yake. Mimi ningemfukuza siku hiyohiyo.

Lakini wiki ileile balaa la mdogo wangu likanifikia na mimi. Alimsahau mwanawe shuleni. Alikuwa amelala chini ya rafu ya nguo safi, hajitambui, na mtoto yuko getini tangu saa sita. Mlinzi alipopata namba yangu jua lilikuwa linaelekea kuzama. Nilimkuta binti wa miaka minane amekalia begi lake, halii, anamuuliza mlinzi kama geti likifungwa yeye atahesabiwa yuko ndani au yuko nje. Ndiyo kawaida yake, tunamwita Bibi Maswali. Nilimshika mkono nikaenda naye kwangu.

Asubuhi mdogo wangu akaja, macho mekundu. Sikumkaribisha kiti. Nilimwambia miezi sita bila tone. Shule zikifunguliwa mwaka mpya akiwa mzima, atamchukua mwanawe. Akianguka hata siku moja, mtoto ni wangu mpaka awe mtu mzima, na asije akanililia. Akakubali, akashika fremu ya mlango asianguke.

Nilisema vile kwa hasira. Ila mimi sina mtoto, sikujaliwa, na baada ya mwezi mmoja wa kumsuka yule binti nywele na kumsikia akiniuliza kama samaki wanapiga chafya, ile hasira ikageuka kitu kingine. Sikukipa jina.

Mimi ndiye niliyetafuta mahali pa kumpeleka. Kwenye ubao wa matangazo pale zahanati, kando ya picha za chanjo, palikuwa na karatasi imeandikwa: Pombe imekushinda? Njoo tukae. Chini yake imekatwakatwa vipande vya namba za simu. Kila mwezi vipande vinapungua, na sijawahi kumwona mtu akichana. Siku hiyo nikachana mimi, na nani atokee nyuma yangu kama si daktari. Akanipa pole kwa sauti ya chini. Nikamwambia si yangu. Akasema anaelewa, wote husema hivyo. Loo, nilitamani nimrushie daftari la wagonjwa.

Aliyepokea simu alikuwa mzee mwenye sauti nzito. Wanamwita Dereva, aliendesha gari la wagonjwa miaka mingi mpaka pombe ikamshusha kwenye usukani. Akanielekeza: Jumatano saa kumi na moja jioni, nyuma ya duka la vioo, mlango usio na kibao. Nikamuuliza kiingilio ni kiasi gani na wakimaliza wanatoa cheti gani. Akacheka mpaka akakohoa, akaniambia wao wanatoa viti tu.

Jumatano ya kwanza nilimpeleka nimemshika kifundo cha mkono. Alizunguka duka la vioo mara tatu hataki kuingia, na kila tukizunguka tunajiona kwenye vile vioo vyote, yeye kakonda, mimi nimemkunjia uso. Dereva akatoka, akamwambia kuna kiti karibu na mlango, akichoka atatoka. Akaingia. Mimi nikabaki nje, na hapo ndipo nikaona kitu cha ajabu: ng'ambo ya barabara, uso kwa uso na ule mlango, ni baa. Viti vya plastiki mpaka nje, muziki, watu wanacheka. Dereva alipotoka nikamvaa, nikamuuliza ni nani mwenye akili timamu angechagua pale. Akasema kodi ni ndogo, na wote walikuwa tayari wanaijua njia. Wana sharti moja tu kuhusu ile barabara: hakuna anayeivuka peke yake. Ukiona mwenzako kaingia kule, mnamfuata wawili.

Mwezi ukapita, miwili, minne. Mdogo wangu alinenepa kidogo mashavuni. Jumatano zamu yangu huisha saa sita, na kila Jumatano saa saba mchana, muda wake wa chakula, alikuja kwangu kumwona mtoto kabla ya kurudi kazini. Na kila alipokuja, kabla hajakaa, nilimwamuru amwage mkoba wake mezani. Kitana, pochi, simu, leso, vidonge vya kichwa. Nilinusa kifuniko cha chupa yake ya maji. Nilimwambia afungue mdomo. Mwanawe anaangalia. Alimwaga, akasimama kando, akasubiri nimalize, kisha akakusanya.

Mwezi wa mwisho wa ile sita kikaongezeka kitu kwenye ule mkoba: ufunguo mkubwa wa kufuli, umefungwa uzi mwekundu. Nikamuuliza ni wa nini. Akasema ni wa chumba cha mkutano, uko mmoja tu, na wenzake wamempa yeye akae nao.

Nikacheka kweli. Nikamuuliza tangu lini mlevi akakabidhiwa mlango.

Akanieleza bila kukasirika. Kila Jumatano wakimaliza, wanaulizana wiki hii wanamwogopea nani zaidi. Huyo ndiye anayepewa ufunguo. Kwa sababu mtu anayejisikia kuanguka hujiambia kwamba asipokwenda hakuna atakayejua. Akiwa na ufunguo, watu kumi na mmoja watasimama nje ya mlango, na itabidi ainuke. Wamempa yeye kwa sababu siku ya kumchukua mtoto inakaribia, na hofu inamla, usingizi hapati.

Mtu mwingine angesikia huruma. Mimi nilichosikia ni kwamba hata wao wanaona ataanguka. Usiku ule nililala vizuri.

Sasa nifike kwenye habari yenyewe.

Ilikuwa Jumatano, zimebaki siku kumi na mbili shule zifunguliwe. Mdogo wangu alikuja na sare mbili za shule kwenye hanga, kazipiga pasi mwenyewe, kola zimesimama. Akafika mlangoni akakuta sare nyingine mbili zinaning'inia pale. Nilizinunua mimi wiki iliyotangulia. Akaniuliza nimenunua za nini wakati mtoto anaondoka. Nikamjibu kwamba siku kumi na mbili ni nyingi, lolote linaweza kutokea. Nikamwambia amwage mkoba.

Akamwaga. Mikono ilikuwa inamtetemeka, na mimi nikaitazama ile mikono makusudi, aone kwamba naitazama. Nilipomaliza alisukumia vitu vyake mkobani kwa mkono mmoja, akambusu mwanawe, akatoka bila kuaga.

Nilipokuwa nafuta meza nikaukuta ufunguo nyuma ya chupa ya chai.

Niliinua simu. Hilo naapa, niliinua nikatafuta namba yake kabisa. Halafu macho yakaenda mlangoni, kwenye zile sare nne, na nikaiona nyumba yangu wiki mbili mbele: meza, chupa ya chai, kikombe kimoja. Nikaweka simu chini. Ufunguo nikautia mfuko wa gauni. Nikajiambia yeye mwenyewe ndiye aliyeusahau, sikumwibia mtu.

Saa tisa akapiga. Sauti yake ilikuwa juu juu.

"Dada, samahani, hebu niangalizie mezani. Ufunguo siuoni."

"Sijauona."

"Angalia na chini ya meza, dada. Nimekung'uta mkoba mara tatu. Nikifika bila ufunguo watajua nimerudi kulekule."

"Nimekwambia sijauona."

Bibi Maswali alikuwa sakafuni anapaka rangi picha ya nyumba. Akainua kichwa akanitazama, akarudi kwenye rangi zake.

Niseme wazi, maana nimeshaanza. Nilitaka aanguke. Si kwamba nilimchukia, nimemlea yule, nilimbeba mgongoni mimi mwenyewe nikiwa na miaka tisa. Lakini nilikaa kwenye kiti changu tangu saa tisa, mkono uko mfukoni, chuma kimeshika joto la mwili wangu, na nilikuwa namwona mdogo wangu barabarani, anahangaika, baa iko mbele yake, na moyoni nasema, ingia basi, ingia yaishe. Mara mbili nilisimama niende, mara mbili nikakaa. Nikaosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Saa ya ukutani ikagonga kumi, ikagonga kumi na moja.

Saa kumi na moja na robo simu ikaita, namba sikuwa nimeihifadhi. Alikuwa Dereva. Akaniuliza kama mdogo wangu yuko kwangu. Nikasema hayupo. Akasema alifika mapema, akawaambia ufunguo umepotea, akaomba radhi kwa kila mtu mmoja mmoja, kisha akaondoka kwenda kuutafuta tena kazini. Sasa hapokei simu. Wawili wamemfuata njia ya dobi.

"Akija hapo, mama, usimwache peke yake hata kidogo," akasema. "Na asante kwa kumtunzia mtoto."

Hakuniuliza kuhusu ufunguo. Afadhali angeniuliza. Nilibaki nimeshika simu iliyokwisha kukatika.

Bibi Maswali akaweka rangi chini. Akauliza kama mama amepotea. Nikasema hajapotea, anachelewa tu. Akauliza kama ni kwa sababu ya ufunguo. Nikaweka simu mezani.

"Ule ulioweka mfukoni?" akauliza. "Nilidhani unampelekea."

Hakunishtaki. Aliuliza tu, kama anavyouliza habari za samaki. Nikamvuta mkono tukatoka, mlango sikuufunga, viatu nilivyovaa ni vya bafuni. Njia ile ni ya dakika kumi. Nilikuwa nakimbia na mwili huu mnene, mtoto anakimbia pembeni yangu anauliza kama tutawahi.

Tulipokata kona ya duka la vioo niliwaona, na hapo ndipo nilipoelewa nimefanya nini. Watu wanane wamepangana ukutani, nje, mchana kweupe, uso kwa uso na baa. Hawa ni watu wanaopita uchochoroni ili wasionekane. Mmoja ni mwalimu, kaugeukia ukuta kama anasoma tangazo, na ukutani hapana tangazo. Dada mmoja kajifunika mtandio mpaka machoni. Ng'ambo walevi wamewatambua baadhi yao, wanawaita kwa majina, wanawainulia chupa, wanawaambia kiti kipo, waje wakae. Hakuna anayejibu. Hakuna aliyeondoka pia.

Dereva alikuwa ameshaweka mguu mmoja barabarani. Akaniona, akaniambia mdogo wangu amerudi kwa njia ya chini, hakuja kwao, ameingia baa moja kwa moja. Dakika tano sasa. Akanyoosha mkono, akasema twende, lazima tuwe wawili.

Kabla sijaushika ule mkono, pazia la baa likafunguka, mdogo wangu akatoka. Anatembea haraka, kichwa chini. Ubavuni amebana kitu kimefungwa kwenye mtandio wake, urefu wa chupa kabisa.

Moyo wangu, Mungu anisamehe, uliruka kwa furaha kwanza. Kisha mtoto akasema "mama," kwa sauti ndogo, na ile furaha ikanigeukia aibu. Nilijisikia natamka jina lake la utotoni, lile la nyumbani, ambalo sijalitumia tangu tuwe watu wazima.

Alivuka barabara. Akafika mbele ya mlango, akafungua mtandio. Ilikuwa nyundo.

"Mwenye baa kaniazima," akawaambia wenzake, anahema. "Najua nimevuka peke yangu, mtanisema baadaye. Sogeeni nivunje kufuli. Nitalilipia."

Akainua. Nikasema asivunje.

Nikatoa ufunguo.

Kila mtu aliutazama ule uzi mwekundu. Mdogo wangu aliuliza nimeuokota wapi, na nilikuwa na uongo tayari mdomoni, mzuri, umenyooka: chini ya meza, sasa hivi, nimekimbia nao. Wangeniamini. Wangenishukuru. Lakini mkono wa mtoto ulikuwa ndani ya wangu, na mtoto alikuwa ananitazama kwa hamu, anasubiri kusikia nitajibu nini.

"Ulikuwa kwangu tangu saa saba," nikasema. "Uliponipigia ulikuwa mfukoni."

Walevi wa ng'ambo bado walikuwa wanacheka, wao hawakusikia. Mdogo wangu aliendelea kuishika nyundo. Nilisubiri anitukane. Miezi yote ile ya kumwagishwa mkoba, leo alikuwa na haki ya kuniporomoshea yote mbele za watu, na mimi ningepokea. Akauchukua ufunguo mkononi mwangu, akampa Dereva, akamwambia afungue, watu wamechoka kusimama. Kisha akasema lazima arudishe nyundo ya mwenyewe, na safari hii asiende peke yake. Akanitazama mimi.

Tukavuka barabara wawili. Katikati, bila kunigeukia, akasema, "Ulitaka nianguke."

"Ndiyo."

"Kwa sababu ya mtoto."

"Ndiyo, mdogo wangu."

Tukaingia ndani, kuna harufu ya bia iliyomwagika na moshi, akaweka nyundo kaunta akashukuru. Mwenye baa akamuuliza kama hata soda hataki. Akasema hataki. Nilimtazama mikono, safari hii si kwa kumvizia. Ilikuwa inatetemeka vibaya, kuliko mchana. Nikaishika yote miwili, tukatoka hivyo, sijui nani alikuwa anamshika mwenzake.

Siku ile waliniruhusu kukaa ndani. Chumba ni kidogo, kuta za kijani, viti vya mbao visivyofanana. Bibi Maswali alilala mapajani kwa mama yake, maswali yamemwishia kwa mara ya kwanza tangu azaliwe. Kila mtu alisema yake. Mwalimu alisema pale ukutani nusura aondoke. Yule dada wa mtandio alisema mlevi mmoja aliyekuwa anamwita ni mumewe wa zamani. Wakafika kwangu. Nikasema mimi ni dada yake, na kwamba nyumba yangu itakuwa tupu, na kwamba sijui nitaifanyaje. Nikalia, tena kwa sauti mbaya. Hakuna aliyeninyamazisha.

Mwishoni Dereva akauliza lile swali lao, wiki hii tunamwogopea nani. Nilifikiri watamtazama mdogo wangu. Yeye aliinuka taratibu, mtoto begani, akachukua ufunguo mezani, akavuka duara, akaniwekea kiganjani. Akanikunja vidole kimoja kimoja juu yake.

"Huyu," akasema. "Jumatano saa kumi na moja, dada. Usipokuja, watu hawa watasimama nje."

Jumatano iliyofuata nilifungua. Wakaniachia tena ufunguo. Jumatatu shule zikafunguliwa, mdogo wangu akaja asubuhi na mapema kumchukua mwanawe, akamvalisha sare alizopiga pasi mwenyewe. Mkoba wake sikuugusa. Bibi Maswali akaniuliza zile sare nyingine atazivaa nani. Nikamwambia nitaziweka, anakua haraka.

Jumanne sikupika. Jumatano nilirudi kutoka zahanati nikakaa pale mezani, chupa ya chai, kikombe kimoja, kimya mpaka nasikia friji. Nilitaka kwenda kulala na nguo zangu, nisiamke mpaka keshokutwa, na hakuna ambaye angejua. Ufunguo ulikuwa mbele yangu juu ya meza.

Saa kumi na nusu nikavaa viatu.